Mashine Yenye Haya

Nyuma ya kiwanda cha mikate, pale ukuta unapopata joto la tanuri, pana benchi la mbao mbili zilizolazwa juu ya matairi. Ukikaa hapo mgongo unaiva kidogo na pua inashiba kabla ya tumbo. Wenyewe ni walewale. Donge anakanda unga humo kiwandani, na jina alipewa kwa ajili ya kazi, ingawa kitambi nacho hakikulikataa. Waya ni fundi redio wa kibanda cha jirani, na Donge ni shemeji yake, maana Donge amemwoa dada yake Waya. Kinyozi ana mkasi mfukoni na mteja anayemsubiri kitini siku zote. Mama Birika anauza kahawa. Yeye hakai, lakini anaongea kuliko waliokaa. Asubuhi hiyo Donge alitoka nje kwa mapumziko ana unga mpaka kwenye nyusi, akajibwaga, mbao zikalia.

— Imeninyamazia tena!

— Nani, mkeo? akauliza Kinyozi.

— Mashine, bwana! Hii mpya ya kukandia. Unga unang'ang'ania pembeni ya sufuria. Nafungua mfuniko niukwangue, kidogo tu, hivi... kimya! Nafunga, nabonyeza kitufe cha kijani, inaanza. Nafungua, kimya! Ile ya zamani haikuwa na mfuniko wala maringo.

— Pole, baba, akasema Mama Birika, akimmiminia kahawa. Kunywa kwanza, hasira haina sukari.

— Pole haitoshi, mama. Msimamizi kaapa: mikate ikichelewa tena leo, kesho ananihamishia stoo nikabebe magunia. Mimi! Na mgongo huu!

Wote wakautazama mgongo. Kweli haukuwa wa magunia.

Kinyozi akakohoa kama mtu anayeanza hotuba.

— Mashine yako ina haya. Wewe ukiwa bafuni unaimba, mtu akafungua mlango ghafla, utaendelea kuimba?

— Sitaendelea.

— Basi! Nayo ni hivyohivyo. Iko humo imejiachia, inazunguka zake, wewe unachungulia bila hodi.

— Haya gani, bwana, akadakia Waya. Hiyo ni mbea. Mlango ndio sikio lake. Ukiufungua inaacha kazi ili ikusikilize vizuri, halafu inapeleka kwa msimamizi. Shemeji, ukiwa pale unasemaga nini?

Donge akakumbuka aliyoyasema juzi kuhusu msimamizi na masikio yake. Kahawa ikampalia.

— Nyote hamjui kitu, akasema Mama Birika. Ina wivu hiyo. Ukifunga mfuniko, mko wawili. Ukifungua, watu wote wanaiona. Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Wageni wakiingia tu, ananuna.

— Ngojeni, ngojeni, akasema Kinyozi, sasa amesimama. Friji ukilifungua taa inawaka, sivyo? Na hii ukiifungua inazima. Hamjaona? Kule zinakotengenezwa walichanganya vipuri! Kuna mtu mahali fulani ana friji, kila akilifunga linaanza kukanda mboga zake!

Hata Waya alimwonea huruma mtu huyo.

— Masikini, akasema. Anafungua asubuhi, nyanya na samaki vimekuwa kitu kimoja.

— Na mayai! akasema Mama Birika, mkono kifuani.

— Jamani, mimi na magunia yangu je? akalia Donge.

Hapo Waya akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cheusi cha mviringo. Ilikuwa sumaku ya spika iliyokufa. Akaishika kama mtu anayemwonyesha bibi harusi pete.

— Shemeji, dawa hii hapa. Nililala naiwazia. Pembeni ya mfuniko pana swichi ndogo, nimeiona siku ile nilipokuletea chakula. Mfuniko una sumaku yake; ukiisogelea swichi, inaamini pamefungwa. Tunaibandika hii hapohapo. Unafungua mfuniko, swichi bado inaamini pamefungwa, mashine inazunguka, unakwangua raha mustarehe.

— Umeitongoza mashine! Kinyozi akapiga makofi.

Donge akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Akajiona anakwangua huku anapiga mluzi, msimamizi anapita, anainamisha kichwa kwa heshima.

Wakati huo kando ya jiko la Mama Birika alikuwa amesimama mwanamke mwenye ovaroli iliyokunjwa mikono kwa kuwa kubwa, kikombe mkononi. Ndiyo kwanza ameajiriwa kiwandani kufunga mikate kwenye karatasi, hata kofia yake ilikuwa haijaingia unga. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, kaka, akasema. Utatumia mkono upi?

— Mkono upi wa nini, dada?

— Wa kukwangua. Hiyo ndoano ya chuma inayokanda unga ikiwa inazunguka. Kulia au kushoto?

Donge akaitazama mikono yake, iliyokuwa imekaa magotini kama watoto wawili wasiojua wamefanya nini. Wa kulia ndio anaolia chakula na kusalimia watu. Wa kushoto una pete, na ndio anaombebea binti yake akilala.

— Kushoto, akasema Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Kwa nini kushoto? akauliza Donge.

— Sijui. Nilikuwa nakusaidia.

— Wewe ungetoa upi?

Kinyozi akaficha yote miwili kwapani. Waya uso ulikuwa umemshuka, maana alikuwa amemfikiria dada yake, na namna atakavyomweleza kwamba amempunguzia mume.

— Shemeji, hebu nirudishie hiyo, akasema.

Akainyakua kwa pupa. Ilipopita karibu na jiko, sumaku ikaliona birika la bati, ikaruka, ka! Waya akavuta. Birika likamfuata. Kinyozi akalishika mpini, Mama Birika akamshika Kinyozi shati, kila mtu anampigia mwenzake kelele aachie. Sumaku ilipobanduka, birika lilikuwa limelala chini, na kahawa yote inakimbia kuelekea mtaroni.

— Tokeni! akasema Mama Birika. Tokeni benchini kwangu!

Kengele ya kiwanda ikalia. Donge akaingia ndani, na yule mwanamke akaelekea kwenye meza ya kufungia.

Mashine ilikuwa imemkusanyia unga pembeni tena. Akafungua mfuniko, ikanyamaza. Msimamizi akatokea, akatazama saa yake.

— Mbona kimya huku?

— Nakwangua.

— Tutachelewa!

— Tutachelewa kidogo, bosi. Mimi na mikono yangu.

Msimamizi alimtazama, akatazama ile ndoano ya chuma iliyosimama katikati ya unga, nene kama paja la mtu. Akaguna, akaondoka bila kutaja stoo. Donge akainama, akaingiza mikono yote miwili mpaka viwikoni, akakwangua taratibu, anapiga mluzi.