Mkwaruzo wa Bwana Šafránek

Tarehe 31 Machi 2019 Bwana Bohumír Šafránek anastaafu rasmi, baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka arobaini na moja na miezi saba. Tarehe hiyo ni Jumapili, kwa hiyo tutamuaga Ijumaa ya tarehe 29, saa tano asubuhi, palepale bohari ya vifaa vya kuigizia. Saa hiyo imechaguliwa kwa makusudi. Tunajuana: ikifika saa saba mchana wa Ijumaa, kila mtu hapa ameshakimbilia kibanda chake cha shamba kwa mapumziko ya wikendi, na mstaafu angebaki akijiaga mwenyewe.

Mimi niliyekabidhiwa kazi ya kuandika habari zake naitwa Jarmila Fousková, wa chumba cha mavazi. Chumba changu na bohari yake vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na kwa miaka thelathini na saba nimemsikia akipiga chafya, akiimba vibaya na akiwanyima watu miavuli. Yatakayofuata nimeyaona au nimeyasikia. Asiyeyaamini aje aniulize.

Alianza kazi Septemba 1977, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kama mbeba mbao za mandhari. Alibeba kuta za makasri, kuta za magereza, na mara moja nusu ya kanisa, na hakuwahi kulalamika ila mgongo ulilalamika kwa niaba yake. Januari 1982 akapewa funguo za bohari. Tangu siku hiyo hakuna sindano iliyotoka mle bila saini. Ana viko vya tumbaku mia mbili na kumi na vinne, kila kimoja na kadi yake. Ana visu saba vya kuulia watu, na vyote haviwezi kukata mkate. Ana kioo cha kukuzia maandishi ambacho wapelelezi kumi na tisa wamekitumia katika filamu kumi na tisa, na siku zisizo na upelelezi yeye hukisomea gazeti. Akiba haiozi, ndivyo anavyosema, na bohari yake inanuka ushahidi wa jambo hilo.

Lakini wengi mnamjua kwa filamu moja tu, ile ya kuchekesha iliyowafanyia mzaha wapelelezi wa hadithi za zamani: *Maiti Hajamaliza Kahawa*. Tajiri mwenye kasri anauawa akiwa mezani asubuhi, kikombe mkononi. Wageni saba wamo ndani na kila mmoja ana sababu ya kumuua. Mtumishi wa nyumba ananuna filamu nzima kwa kuwa hakuna anayemshuku. Na mpelelezi mwenye koti refu anakagua kila kitu kwa kile kioo, isipokuwa kilichoko mbele ya pua yake.

Hiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Bwana Šafránek kama mtunza vifaa kamili, na aliitumikia akiwa hai na akiwa maiti. Mwigizaji wa kuuawa aliugua siku ya kwanza, ikabidi mwenzetu alale mezani badala yake, uso kwenye siagi. Mpelelezi alipokuwa akitoa maneno ya huzuni juu ya mwili, mwili ukaanza kukoroma. Mwongozaji, Bwana Radovan Pešina, aliupenda mkoromo ule akauacha, na mpaka leo watu hucheka hapo.

Sasa kuna jambo ambalo halikuandikwa mahali popote, nami naliandika leo kwa kuwa wahusika wameniruhusu, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kunyamaza.

Filamu ilipigwa katika kasri la Lískov, Machi 1982, kabla kasri halijafunguliwa kwa watalii tarehe mosi Aprili. Msimamizi wa kasri alikuwa Bi Otylie Vrbická, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, asiye na utani. Alitoa sharti moja: yeyote atakayekanyaga sakafu ya mbao avae juu ya viatu vyake zile sapatu kubwa za sufu. Nani kati yetu hazijui? Sote tuliburutwa ndani ya makasri utotoni, sapatu zikitupwaya, tukiteleza huku walimu wakitufokea. Bwana Pešina alikubali akidhani sharti lina mwisho. Halikuwa na mwisho. Waigizaji walivaa, mafundi wa taa walivaa, na farasi aliyetakiwa kuingia ukumbini alibaki nje kwa kukosa saizi.

Pešina aliteseka. Filamu ya mauaji isiyo na kishindo cha hatua, alisema, ni supu isiyo na chumvi. Muuaji wake alitakiwa kunyemelea kwa visigino, naye akawa anateleza kimyakimya kama bibi anayekwenda kufunga dirisha. Wiki mbili wakawa wanapiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kisha theluji ikaangusha nyaya za umeme, siku mbili zikapotea gizani, na ikabaki siku moja tu, tarehe 31, kwa tukio la mwisho. Mnazijua filamu hizi: wote wanakusanywa sebuleni na mpelelezi anaeleza. Maelezo hayo yalikuwa kurasa kumi na moja. Yalikuwamo majivu ya sigara, ratiba ya treni na pacha anayetumia mkono wa kushoto. Ilikuwa kazi ya siku tatu.

Na barua ilikuwa imeshafika kutoka kwa wakubwa. Kwanza, filamu isipokamilika siku hiyo inatupwa kabatini. Pili, kasri likipata dhara lolote, aliyetia saini kulipokea anarudi kubeba mbao. Aliyetia saini alikuwa Bwana Šafránek. Pešina alimshawishi kwamba sakafu nayo ni kifaa, na yeye, kwa uchapakazi wake, akaona ni kweli.

Muuaji aliigizwa na Bwana Ctirad Pelnář, nyota wa enzi ile, mwenye sauti nzito na miguu ambayo aliionea fahari bila sababu. Alikuwa ameapa kwamba hatakamatwa mbele ya taifa zima akiwa na sapatu. Mchana ule kamera ilipoanza kuzunguka, akazivua nyuma ya mlango, akaingia sebuleni kwa mwendo wa jenerali: ko, ko, ko. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kisigino chake kimoja kilikuwa na msumari uliochomoza, na alipogeuka kwa madaha ukachora mbao za miaka mia mbili mkwaruzo wa urefu wa kidole.

Bwana Šafránek anasema aliusikia msumari ule mgongoni mwake, palepale alipokuwa akiwekea mbao.

Bi Otylie aliingia katikati ya picha, ufagio mkononi. Hakupiga kelele. Alimtazama Pelnář kuanzia chini, hakufika juu.

"Nani kamruhusu huyu na viatu? Mtu anayeingia na viatu kwenye sakafu ya watu, huyo hata kuua anaweza."

Pešina akajishika kichwa, kwa sababu picha imeharibika na saa tisa imekaribia. Pelnář akajitazama miguu. Na Bwana Šafránek, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha dakika hiyo, ambaye angekuwa na haki zote za kukaa chini akalia, akamgusa mwongozaji bega.

"Bwana Pešina, hizo kurasa kumi na moja zichane. Muuaji ameshapatikana, mama kamkamata."

Ndivyo ilivyopatikana dakika ile mnayoijua wote. Mpelelezi anatambaa na kioo chake mbele ya washukiwa: sapatu, sapatu, sapatu, sapatu, sapatu, sapatu, kisha kiatu kinachong'aa. Anainua macho na kuyasema maneno ya Bi Otylie, neno kwa neno. Hakuna pacha, hakuna treni. Ilipoonyeshwa, watu walianza kucheka Pelnář alipofungua tu mlango, kwa sababu kila mama mle ukumbini alishamhukumu. Katika nchi hii anayeingia na viatu hahitaji kesi.

Ili Pelnář akanyage tena bila kuongeza dhara, Bwana Šafránek alikata sapatu moja akavigandisha vipande vyake chini ya soli, mahali kamera isipoona. Kile kishindo cha ko, ko, ko mnachokisikia ni yeye, wiki mbili baadaye, chumba cha sauti, akigonga meza kwa miiko miwili ya kusongea viazi. Miiko ina kadi yake. Walimaliza saa kumi na moja kasoro, jua likiwa bado dirishani. Naye akapigania mpaka jina la O. Vrbická likaandikwa mwishoni mwa filamu, chini ya mwandishi. Huyo mwandishi hakumsalimia tena.

Ila filamu kuokoka hakukuifuta barua. Mkwaruzo ulikuwepo, na Bi Otylie ni mtu wa taratibu. Alijaza fomu ya uharibifu palepale, mwenzetu akaitia saini kwa mwandiko wake mzuri kabisa, kama mtu anayeandika wosia. Kisha mama yule akaikunja, akaiweka mfukoni mwa aproni, akamwambia kwamba haitumi kwanza. Pengine nta itaufuta. Aje mwakani kabla hawajafungua, waangalie.

Akaenda mwakani, na kopo la nta na tambara. Mkwaruzo ukagoma. Akaenda mwaka uliofuata, ukagoma. Mwaka wa tatu, 1985, walioana. Gauni nilishona mimi. Wageni wote tulicheza ndani ya sapatu, na Bwana Pelnář alikuja na zake mwenyewe kutoka nyumbani, zimewekwa ndani ya mfuko wa karatasi. Nilimpenda siku hiyo.

Miaka ikaenda. Serikali ikabadilika, studio ikauzwa, nusu yetu tukapewa mkono wa kwaheri. Waliokuja kununua bohari kwa ajili ya kuifanya maegesho walikaribishwa na Bwana Šafránek, wakapewa chai, wakaonyeshwa viko mia mbili na kumi na vinne kimoja baada ya kingine pamoja na historia zake. Hawakurudi. Mimi nasema hivi wazi: tusingekuwa na bohari leo bila ukaidi wake, na mimi binafsi nisingekuwa na kazi.

Kila mwaka, hata baada ya kuoana, aliomba likizo ya siku moja, tarehe 31 Machi, na alipanda treni kwenda kupaka nta. Amekwenda mara thelathini na sita. Mwaka 2004 aliniruhusu nifuatane naye. Nilikaa kitini nikamwangalia akipiga magoti na tambara lake. Alisugua kona zote, akasugua chini ya meza, akasugua mpaka nikajiona uso. Alipofika penye mkwaruzo akauzunguka. Nikamwangalia mara ya pili, akauzunguka tena. Bi Otylie alikuwa amesimama mlangoni, anaona vizuri kuliko mimi, na alichosema ni kwamba chakula kiko tayari.

Nilipokuwa naandaa sherehe hii nilidhani nimepata wazo zuri. Nikampigia simu Bi Otylie nimuombe ailete ile fomu ya mwaka 1982, mkurugenzi aichane mbele yetu, mzee aondoke akiwa huru.

"Hapana, Jarmila," alinijibu. "Mkwaruzo bado upo. Aje aumalize."

Basi mnajua anakokwenda. Jumanne tarehe 2 Aprili (Jumatatu makasri hufungwa), kasri la Lískov likifungua msimu, atakuwa mlangoni akiwagawia watalii sapatu, kwa saini bila shaka. Nasikia siku hizi wanaulizia mkwaruzo kabla ya picha za ukutani.

Bwana Šafránek, asante kwa vitu vyote ulivyotunyima, kwani ndiyo maana vipo. Tunakutakia afya, magoti imara na nta ya kutosha, lakini isizidi. Tutakuja kukutembelea, na viatu tutajua pa kuviacha.