Wasifu wa Sekunde, Fundi Saa Aliyekatikiwa na Pumzi Usingizini

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Sekunde, alizaliwa tarehe 14 Mei 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mwalimu wa hesabu na mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986. Akiwa darasa la tano alianguka kifafa mbele ya wenzake kwa mara ya kwanza. Kuanzia siku hiyo alikaa dawati la peke yake, na nyumbani kikombe chake kilitiwa alama ya rangi nyekundu ili mwingine asikinywee. Hata hivyo alihitimu akiwa wa pili darasani. Sekondari hakwenda. Familia iliona mtoto wa kuanguka hana haja ya kupelekwa mbali.

Mwaka 1995 alianza kujifunza kazi kwa fundi saa mmoja mzee, na mwaka 2003 akarithi meza yake barazani pa duka la vitambaa. Jina la Sekunde alipewa na wateja, maana ukiambiwa njoo saa tisa, saa yako ilikuwa tayari saa tisa. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba saa yake sasa inakwenda mbele. Marehemu aliitazama, akamrudishia, akamwambia kwa upole kuwa saa ni nzima, ila mwenyewe kazoea kuchelewa. Mteja huyo yupo hapa leo, na amechelewa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009 na karani wa shule, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 alipandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaopanda hadi kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Kila baada ya dakika tano kifaa kilituma umeme kwa nusu dakika, ili kuzuia kifafa. Kuanguka kulipungua kutoka mara kumi kwa mwezi hadi mara moja. Familia ilifurahi sana. Tukaanza kumwalika harusini.

Lakini alianza kukoroma, na mchana akawa anasinzia mezani, lenzi ingali jichoni. Wateja walimwambia saa ya kwanza kutengenezwa iwe ya kwake. Sisi watoto wa ukoo tulimrekodi kwa simu tukasambaziana, na kila mkoromo ulipokatika tulishindana kubahatisha utarudi lini.

Mkewe hakucheka. Alichukua saa ya mumewe, akaandika katika daftari usiku kumi na moja mfululizo: kila baada ya dakika tano koo linatetema, pumzi inakatika karibu nusu dakika, kisha inarudi kwa kishindo. Katika familia yetu, msemaji hospitalini ni kaka mkubwa, ambaye ni baba yangu mzazi. Ndiye aliyeshika kadi ya kliniki na kuingia kwa daktari. Mke alimpelekea daftari.

"Shemeji," alimjibu, "wakikitoa kifaa ataanguka tena mbele za watu. Wewe ziba masikio ulale."

Kliniki, daktari alipouliza mgonjwa analalaje, baba alijibu kuwa analala fofofo. Marehemu alinyamaza. Mkewe alipomlaumu, alimwambia, "Nikimbishia kaka, nitarudishiwa kikombe chenye alama."

Alfajiri ya tarehe 9 Februari 2024, mkewe alimkuta hapumui. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Daktari alilisoma daftari lote akiwa amesimama. Hakuapa kwamba kifaa ndicho kilichomuua. Alisema tu, "Hatukuwa na haja ya kukitoa. Tungepunguza nguvu ya umeme, dakika kumi, akarudi nyumbani."

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, dada mmoja na kaka mmoja. Kaka aliomba aya za ugonjwa zifupishwe. Mjane aliomba zisomwe zote, na kaka akae kiti cha mbele. Baba, nimemtii mama mdogo.

Mungu ampokee, ampe usingizi ambao hapana wa kuucheka.