Fundi Bado na Injini ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atege sikio. Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Mwanamke. Alifariki juma lililopita, nyumbani kwake, wanawe wakiwa kando ya kitanda. Wateja walimwita Fundi Bado.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wenye haraka. Ulikuwa ukifika gereji kwake ukauliza kama gari lako tayari, hainui hata kichwa. Anakujibu, "Bado." Ukirudi jioni, bado. Ukimtuma mkeo aje akuombee, bado. Mteja mmoja alimwambia kwamba hata malaika wakija kumchukua atawaambia wakakae kwenye benchi kwanza. Alicheka mwenyewe, akaendelea kukaza nati.

Lakini gari likitoka kwake, limetoka. Halirudi kesho na mlio uleule.

Gereji yenyewe si kubwa. Juu bati, chini sakafu nyeusi kwa oili, na maranda ya mbao yamemwagwa pale panapoteleza. Katikati kuna boriti la chuma, na kwenye boriti unaning'inia mnyororo wa kunyanyulia injini. Ukutani limeegemea benchi la wateja, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Humo Fundi Bado alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ziwa moja. Mtu mzima huyo, ana mke na watoto. Naye wateja walimpa jina lake. Walimwita Chapchap.

Hebu fikiri mwenyewe. Gereji moja, Bado na Chapchap.

Sasa, alikuwepo mama mmoja, mkunga mstaafu. Siku alipoacha kazi, watoto wake walidhani atanunua kiti kizuri cha kupumzikia. Mama akanunua gari la michezo. Jekundu, viti viwili, limekaa chini kama linatafuta sindano iliyodondoka. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa na mbio. Kuingia ndani yake ilikuwa kazi. Anatanguliza nyonga, halafu miguu anaivuta mmoja baada ya mwingine kama mizigo. Wakimcheka anawajibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akishaketi, humwoni tena. Unaona vumbi. Alikuwa akisema kwamba miaka yote alikimbia kwa ajili ya watoto wa watu, na sasa anakimbia kwa ajili yake.

Gari hilo alilileta kutengenezwa breki. Fundi Bado alikuwa ametoka kwenda kutafuta vipuri. Chapchap akazitengeneza zile breki, akazitengeneza vizuri, akalitoa gari kulijaribu. Kujaribu ni hadi kwenye kona na kurudi. Hiyo ndiyo sheria ya gereji. Chapchap akafika kwenye kona. Akaipita.

Anasema gari lile lilimpanda kichwani. Barabara ilikuwa nyeupe, mguu ukawa mzito. Akaona mshale wa joto unapanda. Katika magari mengi yanayokuja pale, mishale hiyo imeharibika siku nyingi, inasema uongo. Akajiambia na huu nao ni mwongo. Haukuwa mwongo. Bomba la maji lilikuwa limepasuka. Kwanza ukatoka mvuke. Kisha mlio kama mtu anagonganisha masufuria. Kisha kimya.

Injini ikafa. Pistoni zimeganda, kichwa cha injini kimepasuka, hakuna cha kuokoa.

Alilisukuma hadi gereji, kijasho chembamba kikimtoka. Dada yake aliporudi, alimpa ushauri wa haraka kama kawaida yake. Wamwambie mama kwamba injini ilikuwa imechoka, imekufa yenyewe. Injini za zamani hufa. Fundi Bado alinawa mikono kwa sabuni, akavua ovaroli, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mkunga. Akamweleza yote, kona na kupita kona.

Mkunga akaja naye. Alisimama mbele ya gari lake. Kisha akamwonyesha Chapchap kwa kidevu.

"Mkono wa huyu siutaki kwenye gari langu."

"Basi, mama, chagua fundi popote, gharama ni yangu," Fundi Bado akasema. "Lakini likitengenezwa humu, atalitengeneza aliyeliua. Mimi nitakaa pale kwenye kigoda."

"Utakaa tu?"

"Nitakaa tu. Kama wewe ulivyokuwa ukikaa na wakunga wako wapya, wakati mtoto wa mtu yuko njiani."

Mkunga alimtazama sana. Pengine aliwakumbuka wale wasichana aliowangoja wajaribu mara ya kwanza. Akakubali, lakini akaweka sharti. "Injini utakayotia ikifa tena, huyu asishike spana humu ndani. Tumeelewana?"

Fundi Bado akasema wameelewana. Hakumgeukia hata mdogo wake kumuuliza.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Injini ya pili ikifa, Chapchap hana kazi. Na kazi nyingine haijui. Tangu utoto anajua spana tu.

Injini mpya ya gari lile haikupatikana tena. Ikabidi waende kwa wauza vipuri, watafute iliyotumika. Injini zilikuwa zimepangwa chini, zimelaliana kama magunia. Macho ya Chapchap yakaangukia moja inayong'aa, imeoshwa mpaka bolti zinameta. Akataka ipakiwe upesi. Dada yake akamwambia aizungushe kwa mkono. Aliivuta kwa spana ndefu, mishipa ikamtoka shingoni. Haikusogea.

"Hiyo imeoga, haijapona," Fundi Bado akasema.

Wakachukua nyingine, chafu, ina tope la oili pande zote. Lakini ukiishika inazunguka taratibu, na ndani unasikia pumzi yake. Hiyo ndiyo injini ya pili. Iliyotumika, chafu, inayopumua.

Kazi ikaanza. Chapchap akaining'iniza injini iliyokufa kwenye mnyororo, akaitoa. Akaisafisha ile ya pili, akabadili gasketi, akabadili mkanda. Fundi Bado kigodani, mikono magotini. Mkunga naye alikuwa akipita kila mara na kuketi kwenye benchi, anauliza kama uchungu umeanza. Wateja wengine wanamjibu kwamba njia bado ni ndogo. Gereji ikageuka wodi.

Ikafika siku ya kuunganisha injini na giaboksi. Sasa, kati ya vitu hivyo viwili kuna beringi moja ndogo sana, inakaa ndani kabisa, kama pete kwenye kidole. Ukishafunga huioni tena. Chapchap akaunganisha, akabana bolti zote, akanyoosha mgongo. Alikuwa na furaha.

"Bado," ikatoka sauti kigodani.

Alizunguka injini, haoni kosa. Dada yake akamwelekeza kwa macho mezani. Beringi ilikuwa pale, imelala juu ya karatasi yake yenye oili.

Kuirudisha ni kufungua kila kitu upya. Chapchap akaanza kujitetea, kwamba ameona magari yanatembea bila beringi hiyo, na kwa kuwa imefichika huko ndani nani atajua.

"Gia itajua," dada yake akasema.

Akafungua. Anasema siku ile alimchukia dada yake kweli. Lakini alifungua, akaitia beringi mahali pake, akafunga tena.

Hatimaye injini ikaingia garini. Mabomba ya maji mapya, nyaya zimerudi, oili imejaa. Mkunga akaitwa. Akaja amevaa viatu vya kuendeshea, akaupa ufunguo busu. Fundi Bado siku hiyo alikuwa ameondoka kigodani. Alikuwa upande wa pili, amewapa mgongo, anamsikiliza mteja mwingine.

Hapa ndipo penyewe, wasikilizaji.

Injini ikiwa wazi, mafundi huziba matundu yake ya hewa kwa vitambaa, nati isije ikatumbukia. Chapchap alikuwa amechana shuka kuukuu la maua ya buluu. Kila tundu na kitambaa chake. Akivitoa anavitupa kwenye kopo. Sasa akalichungulia kopo. Kitambaa kimoja hakimo.

Alitazama chini ya gari. Akajipapasa mifukoni. Hakipo. Huenda kimepeperuka. Huenda kimeingia ndani. Kikiwa ndani, injini ikiwashwa itakivuta, na injini ya pili inaweza kufa kabla haijatoka mlangoni. Mkunga alikuwa ameshaingia, amemaliza kuivuta ile miguu yake, ufunguo umo. Dada amewapa mgongo. Hakuna aliyejua. Na akisema, atakuwa amekiri mbele ya mama yuleyule kwamba mkono wake umepoteza kitu tena.

Akauweka mkono juu ya mlango wa gari.

"Mama," akasema, "bado."

Benchi zima likaangua kicheko. Chapchap amesema bado. Lakini yeye hakucheka, nao wakanyamaza. Akamweleza mkunga kwamba kuna kitambaa hajui kilipo, na hawezi kumwacha aliwashe mpaka ahakikishe hakimo ndani. Uso wa mama ukajifunga kama dirisha. Akashuka, mguu mmoja, mguu wa pili, akihema.

Chapchap akafungua tena. Akamulika tundu la kwanza kwa tochi, akaingiza kidole. Hamna kitu. La pili, hamna. Akamaliza yote. Matupu. Akabaki ameinama pale, maana sasa hata kuinua kichwa anaona aibu. Amemshusha mama wa watu bure.

Mkunga akajifuta jasho. Na wateja wote wakakiona alichojifutia. Kitambaa cha maua ya buluu. Alikuwa amekiokota alipofika, akafutia kioo cha gari lake, akakitia kwenye mkoba kama chake.

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka. Fundi Bado alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Alipoinuka alimwambia mdogo wake neno moja tu, "Funga," akarudi kwa mteja wake. Hakuja kukagua. Chapchap anasema tangu waanze kufanya kazi pamoja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza dada yake asije kukagua.

Injini ikawaka. Mkunga akamwamuru Chapchap aingie upande wa abiria, amfunge yeye mkanda kwanza, halafu ajifunge wake. Wakaondoka. Wakaipita kona wote wawili.

Ni miaka sasa. Injini ile iliyotumika inatembea hadi leo, na mkunga analiendesha gari lake hadi leo. Wanawe wameshachoka kumwambia apunguze mwendo.

Fundi Bado alipougua, mdogo wake ndiye aliyeendesha gereji. Jioni alikuwa akifunga, ananawa, anaenda kukaa kando ya kitanda chake. Siku moja akaamua kumshukuru. Alikuwa hajawahi. Ndugu wa tumbo moja huoneana haya kushukuriana. Akaanza kwa kuzungukazunguka, akitaja kigoda, akitaja beringi. Dada yake akamkatiza.

"Siku ile ulipomshusha yule mama garini, nilikusikia. Niliwapa mgongo, lakini nilikusikia. Nikasema moyoni, sasa hata nikiugua, naweza kuugua, gereji ina mtu."

Chapchap ametuambia alilia pale pale, na dada yake akamwacha alie. Kisha Chapchap akamwambia asante. Akaisema yote, bila kuzunguka. Naye dada akaitikia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio studioni, tunawapa pole watoto wa marehemu. Pole kwa mdogo wake, anayefungua gereji asubuhi na kukuta kigoda kitupu. Pole kwa mama mkunga. Pole kwa wateja wote waliosubiri kwenye benchi lile wakanung'unika, kisha wakafika salama waendako. Mungu ampumzishe fundi wetu mahali pema.

Nasi tulio hai, tutulie kidogo tujiulize. Ni nani aliyetuona tumeharibu, akakaa, akatungoja turudie? Huenda ni dada. Huenda ni mwalimu, ni jirani, ni mama mkwe. Kama yupo na anasikia, zima redio sasa hivi uende ukamwambie. Shukrani zinazopitia hapa kwetu, wasikilizaji, mara nyingi zinafika mwenyewe ameshaondoka.