Fundi Kanda na Oveni Iliyoachwa Ikiwaka

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza baba yetu, familia inaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mzee ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili wa fundi saa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 4 Machi 1974 akaajiriwa na kituo cha televisheni, katika chumba cha kanda kisicho na dirisha, alichokitunza kama mboni ya jicho mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Hapo kazini alikutana na mama yetu, mshonaji wa mavazi ya waigizaji, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja. Mama alitutoka tarehe 9 Juni 1990, binti akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, kwa hiyo kaka zake walimkuza wakimwigizia jinsi mama alivyozungumza, kila mmoja kwa namna yake, wakibishana, na yeye asijue amwamini nani.

Baada ya kustaafu, baba aliendelea kuokoa vipindi vya zamani, maana kanda ikikaa miaka mingi hunyonya unyevu, gundi yake hulainika, na ukiicheza hivyo hivyo mashine huikwangua, picha na sauti zikabaki unga tu kwenye kitambaa cha kufutia mashine. Alizikausha kwa joto dogo katika oveni, jikoni kwa binti yake, akiwaonya wajukuu kwamba humo hamna keki, kisha akazicheza mara moja tu huku akizinakili, kwa sababu mara ya pili haina uhakika.

Kanda aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya kipindi cha mwisho cha mchezo wa kuchekesha, "Ghorofa ya Pili", ambacho siku ya kukirekodi mwigizaji wa nafasi ya mshonaji aliugua, mama akasukumwa mbele ya kamera ashike nafasi yake, akasema sentensi moja, na hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Kila mwaka baba alisema ataikausha, kila mwaka akairudisha kabatini, na binti alipomsihi alijibu, "Nikiiharibu hii, mwanangu, nitakutazamaje?"

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na mapafu, na tarehe 11 Januari 2022, labda kwa kuona siku zinamwishia, aliiweka kanda hiyo ndani ya oveni kwa mkono wake. Jioni hiyo pumzi zilimbana, tukamkimbiza hospitali, na akiwa kwenye machela alituagiza neno moja, tusizime. Alifariki alfajiri ya tarehe 12.

Tuliporudi nyumbani tulikuta majirani wameshapanga viti, wamechomoa waya wa oveni na kuchomeka birika la chai ya wageni, na hakuna aliyekumbuka waya ulichomolewa lini. Binti hakumlaumu mtu, aliketi sakafuni mbele ya oveni, akiogopa kuufungua mlango. Mjomba Bisibisi, aliyefanya kazi na baba katika chumba kile, aliigusa kanda, akainusa, akasema tuanze kuikausha upya ila yeye hatoi ahadi.

Jana mchana aliicheza, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha, mashine ikalia kama bawaba kavu, mistari ikaufunika uso wa mama wote, akataka kuzima, binti akamshika mkono, na ndipo sauti ikatoka, nzito kidogo, yenye utani ndani yake: "Simama wima, baba, pini haina macho."

Kaka wote wawili walikuwa wakimwigiza vibaya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania usiku ule, wafanyakazi wenzake wa zamani, Mjomba Bisibisi, na majirani wote, pamoja na yule aliyechomeka birika, ambaye mpaka asubuhi hii bado anaomba radhi, nasi tunamwambia mbele yenu kwamba chai ile tuliihitaji.

Baba, oveni sasa tumeizima. Pumzika kwa amani.