Sala ya Dakika Arobaini na Saba

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, kazi ya kusoma maisha ya baba yetu ilikuwa ya kaka mkubwa, lakini tangu juzi kaka hamalizi sentensi mbili bila kulia, kwa hiyo nimekabidhiwa mimi, binti wa pili, na mama amenipa sharti moja tu, kwamba nisimfanye marehemu malaika, kwa kuwa mliomjua mpo hapa mnanitazama.

Baba alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa hili, ibada ikiendelea, na bibi alitusimulia kwamba alianza kulia wakati wa wimbo wa pili na hakunyamaza mpaka mhubiri alipokata tamaa akafupisha mahubiri.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1962, na cheti chake tunacho, mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii, anajua mengi, ila hajui mahali pa kuweka nukta.

Mwaka 1964 alianza kujifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1969 akafungua karakana yake, chumba kimoja chenye randa tatu na dirisha linalotazama mlango wa kanisa, ambamo alitengeneza vitanda, madawati, na mwaka 1975 mabenchi haya ishirini na mawili mliyokalia, yenye migongo iliyosimama wima kwa makusudi, na mchungaji wa wakati ule alipomwambia kwamba waumini wanaumwa migongo, baba alimjibu, "Waliolala ndio wanaoumwa, Mchungaji."

Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa nguo, ingawa ndoa hiyo nusura icheleweshwe na posa yenyewe, maana baba alisimama uani kwa wazazi wa mama na hotuba aliyoiandaa wiki tatu, akapitia ukoo wake, afya yake na paa la bati alilokusudia kuezeka, hata mama akamkatiza, "Mimi nimekubali tangu ulipopiga hodi, sasa nisaidie kuanua nguo, mvua hiyo inakuja."

Walijaliwa watoto watano, waliozaliwa mwaka 1973, 1975, 1978, 1981 na 1986, na sote tulikua tukisikia tu kwamba kuna nyumba ambako chakula huliwa kikiwa cha moto, kwa sababu baba alikiombea kwanza, akamwombea aliyekilima, aliyekipika, na ng'ombe wa jirani aliyekuwa akichechemea.

Jumapili tarehe 6 Julai 1980 aliwekwa wakfu kuwa mzee wa kanisa, na kwa kuwa mchungaji alikuwa na makanisa tisa na kwetu alifika mara moja kila miezi miwili, kuleta Meza ya Bwana, wazee waliongoza ibada kwa zamu, na hapo ndipo mlipompa jina la Mzee Zaidi ya Hayo, maana kila mlipovuta pumzi kusema amina, yeye alisema, "Na zaidi ya hayo, Bwana," mpaka mama akabuni kikohozi, cha kwanza kikimaanisha watoto wana njaa, cha pili wazee wamechoka, na cha tatu mimi natoka nje.

Ilipofika mwaka 1988, Presbiteri, baraza linalosimamia makanisa ya eneo letu, iliamua kwamba kila kanisa lenye waumini chini ya sitini lifungwe, watu wake wahamie kanisa kubwa lililo umbali wa kilomita kumi na mbili, na Jumapili tarehe 17 Aprili wakaja wajumbe wawili, mwenyekiti na mwandishi mwenye daftari, kutuhesabu, siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, daraja la magogo limezama, na familia zote za ng'ambo ya kijito zinazungukia juu kwa miguu, hivi kwamba ibada ilipoanza tulikuwa watu kumi na tisa, nami nikiwemo, na zamu ilikuwa ya baba.

Baba aliwatazama wajumbe, akatazama mabenchi matupu, akasema, "Tufumbe macho, tuombe," akaanza na uumbaji, akaja kwa manabii, akawaombea wagonjwa mmoja mmoja na ugonjwa wake, nasi tukasubiri kikohozi, lakini mama alichofanya ni kumnong'oneza, "Endelea, baba watoto," na mwandishi alipofumbua jicho moja ili ahesabu, alikuta mama anamkodolea, akalifumba haraka.

Baba alikuwa akisikiliza mabenchi yake, ambayo mlio wa kila moja aliujua, na watu walipokuwa wakiingia na kuketi alihesabu kimoyomoyo huku mdomo ukiiombea Presbiteri, na benchi la mwisho lilipolia, baada ya dakika arobaini na saba, akasema amina, macho yakafumbuliwa, kukawa na watu sabini na mmoja, wameloa hadi magotini, wengine viatu mkononi.

Mwenyekiti aliuliza kama huwa tunaomba hivyo kila Jumapili, mama akamjibu, "Leo amefupisha, kuna wageni," na kanisa halikufungwa, ingawa wiki iliyofuata baraza la wazee liliitishwa kujadili kama ni halali kuomba kwa kusubiri watu, na kwa bahati mbaya baba ndiye aliyeombwa kufungua kikao kwa sala, hivyo muda ukaisha.

Jumanne tarehe 4 Februari mwaka huu, 2025, akiupiga randa mlango wa ofisi ya mchungaji, alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na sauti ikabaki mnong'ono, akalazwa hospitali hadi tarehe 21, kisha akarudi nyumbani, ambako wazee walikuja kumwombea, na mmoja alipoomba kwa dakika mbili tu, baba alimnong'oneza mama, "Huyu anakimbilia wapi?"

Alhamisi tarehe 9 Oktoba aliomba dirisha lifunguliwe asikie mazoezi ya kwaya, wakawa wanakosea wimbo mmoja mahali palepale, naye akitikisa kichwa kila mara, na saa kumi na robo jioni hakutikisa tena, nikainuka kukimbia kuwaambia waache, lakini mama, akiwa bado ameushika mkono wake, akasema, "Waache, hawajaupata bado," tukakaa, wakaurudia mara mbili, na mara ya pili wakaupata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubebea maji na kuni, mafundi wenzake waliolitengeneza jeneza hili, wazee na mchungaji, na ninyi wanakwaya, ambao hadi dakika hii hamkujua kwamba mliimba wimbo ule mkimsindikiza.

Baba, lala, upumzike.