Zedekia wa Bwera na Santuri ya Tatu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kosmasi, mdogo wake marehemu, tuliyenyonya naye ziwa moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, pamoja na yale ambayo mwenyewe hakupenda yasemwe.

Zedekia, mtoto wa Asanasio na Bulandina, alizaliwa Kyarumba tarehe 4 Machi 1926, akasoma shule ya misheni tangu 1935 hadi 1942, akashuka Bwera kuwa karani katika ghala la kahawa, na tarehe 12 Agosti 1950 akafunga ndoa na Tabisa, wakajaliwa watoto wawili, Musoki na Yonasani.

Mwaka 1953 alipata ukarani Kasese kwa injinia mmoja Mzungu wa njia ya reli, aliyekuwa akipiga santuri za michezo ya kuimba ya majukwaa ya London, na kaka akazipenda mno, hata injinia alipohama akamwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri sita za mchezo mmoja, nyimbo tupu bila mazungumzo ya katikati, hadithi msikilizaji ajitafutie mwenyewe.

Jumamosi tarehe 17 Septemba 1955 alikuwa anarudi nyumbani na mzigo huo kwa lori la rafiki yake Asuman, aliyeharakisha kuiwahi mvua, lori likapinduka kwenye mteremko kabla ya mto Nyamugasani, santuri ya tatu ikavunjika, na mgongo wa kaka yetu nao ukavunjika, akalazwa miezi mitatu, akarudi Bwera miguu ikiwa imepooza, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, Asuman alitoka msikitini akaja kuomba msamaha, na kaka akamwambia tu azungushe gramafoni. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Kaka alimfasiria Kiingereza, nao wakabishana juu ya santuri iliyokosekana, kwa sababu katika ya pili binti wa mchezo huo amefungiwa chumbani na baba yake, na katika ya nne anaimba siku ya harusi. Asuman alishikilia kwamba binti alitoroka akaolewa na ampendaye, kaka akasema hapana, sauti ile ni ya mtu aliyechoka kugonga mlango.

Sitaficha kwamba ziko Ijumaa alizokuwa mkali, na mojawapo alimwambia, "Weye unaenda na miguu yako, mimi nabaki na mukuta." Asuman aliinama, akaenda, na Ijumaa iliyofuata akaja tena.

Mwezi Februari 1958 alikuja muuguzi wa Kizungu kumsafisha vidonda vya kulala kitandani, akazitambua nyimbo, akasema mchezo huo aliuona kwao kwa macho yake, na angeweza kueleza lililompata binti. Kaka akamzuia kwa mkono. Alipotoka, Tabisa alimuuliza kwa nini amekataa jambo alilolitafuta miaka yote, naye akajibu, "Tukijua, Asuman atakuja kufanya nini hapa?" Siku hiyo ndipo shemeji yangu alipofahamu hofu aliyolala nayo mumewe.

Mwaka huu vidonda viliingia ndani, figo zikashindwa, na Ijumaa ya tarehe 8 Mei, mbele yangu na Tabisa, aliomba gramafoni isipigwe, akamshika Asuman mkono, akasema, "Mvua ile hata mimi ningeikimbia." Asuman alilia, sisi tukatoka nje. Jumanne tarehe 12 Mei 1959, saa nne asubuhi, alikata roho, akiwa na miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani Tabisa alipokuwa shambani, makarani wenzake waliotoka Kasese, na ndugu zetu Waislamu waliochimba kaburi tangu alfajiri. Nawe Asuman, uliyesimama kule kwenye migomba kama mgeni, sogea, ushike jeneza pamoja nasi, upande wa kichwani, ndivyo alivyoagiza.

Kaka Zedekia, ulilala karibu miaka minne bila kupumzika. Leo pumzika, kwa amani.