Kura ya Honi

Kahawa ya kijiji cha Klivarvík hunywewa huku kipande cha sukari kimebanwa menoni, kwenye benchi lililoegemea banda la klabu ya mpira, uwanja ukiwa mbele yako na bahari nyuma ya goli. Wenye benchi ni watatu. Eyðun wanamwita Askofu, maana haishiwi methali, ingawa huzitumia anavyojua mwenyewe. Tróndur ni Rada, ajuaye yote. Hanus ni Nahodha: upepo ukiutupa mpira baharini, yeye ndiye huufuata kwa mashua yake, mawimbi yawe yawavyo, mechi nzima ikimsubiri. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Sasa klabu imeunganishwa na ile ya kijiji jirani cha Eystnes, mechi zote zimehamia huko, na uwanja utakuwa maegesho ya watalii wanaolala garini. Lori la kuchukua magoli lilikuwa limeshafika.

— Kilichotufungia uwanja ni upepo tu, alianza Rada. Wale Eystnes walileta kipima upepo siku ya dhoruba, makusudi. Wakaandika uwanja wetu haufai binadamu.

— Na wao wanakaa chupani, hawana upepo? aliuliza Hanus.

— Nahodha, haba na haba hujaza kibaba, alisema Askofu. Upepo wao ni wa haba na haba.

— Acha zako, mzee.

— Mimi nasema ni nyama, alisema Askofu. Yule mkaguzi wa viwanja tulimlisha kondoo wa kukausha. Hakuzoea. Alilala chooni siku mbili, akatuchukia.

— Nyama ilikuwa ya nani? aliuliza Hanus.

— Ya kwangu. Lakini ilikuwa nzuri.

Rada alishusha sauti.

— Ninyi hamjui kitu. Mipira ambayo Nahodha hakuiwahi inakwenda wapi? Norwe. Wanorwe wameiokota miaka yote hii, wamechoka, wameshtaki. Jambo limefika juu kabisa.

— Hakuna mpira ambao sikuuwahi, alisema Hanus.

— Mmoja.

— Ule ulitoboka.

Mwenye lori, Rannvá, mama wa makamo kutoka kisiwa cha pili, alikuja akijifuta mafuta mikononi. Askofu akamsogezea kikombe.

— Karibu dada. Unatuzika, basi kunywa kwanza.

— Poleni, jamani. Kwani ninyi mlikubali?

— Tukubali? Rada aliruka. Kijiji kizima kilikataa. Honi zetu zilisikika mpaka ng'ambo.

— Honi?

— Mkutano wa kura ulikuwa humo bandani. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni, sisi tukakaa magarini kama siku ya mechi. Goli likiingia si tunapiga honi? Basi mwenyekiti alipouliza nani anakataa, tukapiga. Tulipiga mpaka kondoo wakapanda mlimani.

— Na waliokuwa ndani?

— Mwenyekiti na wenzake wachache. Wakanyoosha mikono kukubali. Ati kura ni mikono.

— Mficha uchi hazai, alisema Askofu kwa huzuni.

Rannvá alikunywa kahawa, akayatazama magari yao matatu yaliyoegeshwa hatua chache tu kutoka mlangoni.

— Sasa mbona hamkushuka?

Askofu alifungua mdomo, methali ikagoma. Rada akachungulia kikombe chake. Rannvá akamgeukia Hanus.

— Wewe si ndiye unayeingia baharini kufuata mpira?

— Ndiye.

— Na siku hiyo?

Hanus alikumbuka hewa ya moto ya gari ikimpuliza miguuni, mkewe akimmiminia kahawa, na jinsi alivyoikandamiza honi kwa viganja viwili akijiona mwanamume. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hapakuwa na mtu wa Eystnes wa kumtupia.

Askofu aliinamisha chupa ya kahawa. Likatoka tone moja.

Mvua ikaanza. Rada na Askofu wakainuka, kila mmoja akaingia garini mwake na kufunga mlango. Rannvá alikwenda kushika goli la upande wa bahari, akasimama akingoja mtu wa kushika mwisho wa pili. Hanus alivua kofia, akaenda, akashika. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani.

Walipoliinua, nyuma yao honi zikaanza kulia.